Muhuri Usikatwe

Tabora mjini ukitaka kujua nani kamfanyia nani nini, huendi polisi. Unakwenda stesheneri ya Kasimiri pale Isevya, kando ya barabara ya zamani ya misafara ielekeayo Ujiji, unashika foleni na karatasi yako ya kutoa kopi, na kabla zamu yako haijafika umeshapewa kosa, mkosaji na hukumu. Jumamosi ile asubuhi hukumu ilikuwa imeshatoka. Mkosaji ni Gerson wa kituo cha mionzi, na kama ingekuwa ruhusa yao, wale wateja wangekwenda kumtoa mahabusu wamalize kazi kabla ya chai.

Inspekta Eustadia Masolwa alilijua hilo, ndiyo maana alitaka kupita bila kusimama. Haikuwezekana. Kasimiri alitoka dukani na karatasi za moto mkononi, akajiweka mbele ya pikipiki kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani.

"Afande! Jumatatu anapanda kizimbani au hapandi?"

"Shikamoo kwanza, mzee wangu."

"Marahaba. Anapanda au hapandi?"

"Upelelezi haujakamilika."

"Haujakamilika!" Kasimiri akawageukia wateja. "Jamani, mnamsikia? Xavery wa Usoke kazikwa. Yule mama wa Nzega kazikwa. Mke wangu yuko ndani hapo nyuma ya pazia, namgeuza mimi kama kichanga, mara ubavu huu, mara ubavu huu. Usingizi siujui rangi yake. Na upelelezi haujakamilika!"

"Wote wanne waliwekewa vyuma vya mionzi na mkono mmoja," akadakia Gaudensia, muuza maandazi, ambaye beseni lake lilikaa mlangoni pa duka miaka yote kana kwamba ndilo lililojengewa duka. "Sasa afande mnamtafuta nani mwingine? Malaika?"

Watu wakacheka. Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya mwanamke, nyepesi, isiyo na haraka.

"Baba Shukrani, mwache mama wa watu aende kazini. Wakimpata tutasikia."

Kasimiri akasogea pembeni. Pikipiki ilipoanza kuondoka akaishika usukani mara ya mwisho, na safari hii alisema kwa chini, si kwa ajili ya foleni.

"Mimi sitaki afungwe miaka mia, afande. Nataka kumtazama usoni tu. Nimuulize siku ile alikuwa anawaza nini. Basi."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wagonjwa wanne wa saratani ya koo walipigwa mionzi kituoni, na tiba ikakubali. Uvimbe ukanywea, wakameza tena. Siku Dafrosa, mke wa Kasimiri, alipolipitisha tonge lake la kwanza la ugali, Kasimiri alichinja mbuzi, mtaa mzima ukala, hata waliokuwa wanapita kwenda stesheni waliitwa wakanawa mikono. Miezi ikapita. Halafu ganzi ikaingia nyayoni, ikapanda magotini, ikafika kiunoni, na hapo miguu ikafa. Kwa Dafrosa, kwa Xavery, kwa yule wa Nzega, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye ndugu zake walikuwa wamempeleka kwao kijijini kungoja siku yake. Uti wa mgongo ulikuwa umeunguzwa ndani kwa ndani. Wataalamu walikuja kutoka Dar es Salaam, wakaipima mashine ya mionzi, wakakuta inatoa kiasi kilekile inachotakiwa kutoa. Mashine ikasafishwa jina. Akabaki binadamu, na binadamu wa kumshika alikuwa mmoja.

* * *

Kituo kilikuwa kimefungwa tangu vifo vile, lakini mabenchi ya nje yalikuwa yamejaa. Watu walikuja na mikeka yao, na vyombo vyao, wakakaa. Bibi mmoja mwenye khanga shingoni alimwona Inspekta akishuka, akanyoosha mkono kumwamkia kwa kilugha.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bibi. Umetoka wapi?"

Bibi alijaribu kujibu, sauti haikutoka. Binti yake akamsemea.

"Choma, Igunga huko. Hata uji haupiti sasa. Wanasema wewe ndiye unayekataza wasifungue."

"Sikatazi mimi."

"Basi nani?"

Eustadia akampa bibi pole. Akaingia ndani.

Apolinaria, mwanafizikia wa kituo, alikuwa akimngoja na funguo mkononi. Watu walimwita dokta, naye alikuwa ameshachoka kuwasahihisha. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa ameandika maelezo yake polisi, akarudia kuyaandika, akaitwa tena kuyaeleza kwa mdomo.

"Nimeshaeleza mara ngapi, afande?"

"Nieleze mara nyingine. Nieleze kama unamweleza Gaudensia wa maandazi."

Apolinaria akashusha pumzi, akawasha taa. Katikati ya chumba, juu ya meza, palikuwa na ubao mpana mweupe, bapa, na kalamu iliyofungwa waya pembeni. Kituoni waliuita dijitaiza.

"Mgonjwa anapigwa picha ya eksirei. Daktari anachora kwa penseli juu ya picha: hapa pigeni, hapa msiguse. Picha inalazwa juu ya ubao huu. Gerson anaufuata mstari wa daktari kwa kalamu hii, polepole, na ubao unaugeuza mstari kuwa namba. Namba zinakwenda kwenye kompyuta, kompyuta inaongoza mashine ya kukata umbo, na kwenye lile umbo tunamimina risasi, yale madini mazito. Kile kipande cha risasi ndicho kinachowekwa kati ya mionzi na mgonjwa."

"Kufanya nini?"

"Kuuwekea uti wa mgongo kivuli. Mionzi ni jua, risasi ni mwavuli."

"Na mwavuli ukikaa pembeni?"

Apolinaria akainua kidole chake kidogo. "Uti una upana huu. Mwavuli ukisogea nusu ya hiki, nusu ya uti iko juani. Leo, kesho, kila siku ya tiba. Mgonjwa hasikii kitu. Anakushukuru, anakwenda nyumbani."

"Kwa hiyo ama Gerson alichora ovyo, ama ubao ulisoma ovyo."

"Ubao hausomi ovyo. Naupima mimi mwenyewe kila mwezi."

Eustadia hakubishana. Alikuwa na mashaka yake mengine, aliyoyabeba tangu Alhamisi, na aliyapata palepale kijiweni kwa Kasimiri, kwa sababu umbea nao una siku zake za kusaidia. Ule ubao una nyaya ndani yake zinazosikiliza sumaku ya kalamu; chuma kikikaa karibu, unaweza kudanganyika. Na meza iliyoubeba ilikuwa ya chuma. Zamani ilikuwa ya mninga, nzito, nyekundu, meza ya kuoneana wivu, mpaka mhasibu wa kituo alipoipenda ikahamia ofisini kwake.

"Meza ya mninga iko wapi?"

"Afande, hata hilo mmeambiwa?"

"Mji mdogo huu."

Mhasibu aliitwa kutoka nyumbani siku ya Jumamosi, akaja na kandambili na uso wa msiba. Meza ikabebwa na wanaume wanne, yeye akiwa mmoja wao, akilalamika njia nzima kwamba hata ikiwa mwuaji ni meza, yeye hakuifundisha. Ubao ukahamishiwa juu ya mninga. Apolinaria akachukua karatasi iliyolaminishwa, yenye misalaba minne kwenye pembe na mstari ulioandikwa 30 katikati, akaibandika juu ya ubao. Akaigusa misalaba kwa kalamu, mmoja mmoja, kuuamsha ubao kama walivyofanya kila asubuhi. Kisha akaufuata ule mstari.

Kompyuta ikaandika thelathini.

Wakaurudisha ubao juu ya chuma. Wakarudia. Thelathini.

"Kamili," akasema Apolinaria. Hakufurahi. "Kila mwezi ni hivihivi. Wale wa Dar nao waliambulia hivihivi. Mwavuli ulikatwa vibaya na mtu, afande. Nimefanya kazi na Gerson muda mrefu, nimekula kwake, mke wake kanisukia nywele. Sina jinsi."

Mhasibu akapangusa jasho, akauliza kama meza yake inaweza kurudi.

Kabla hajahamia upelelezi, Eustadia alikuwa trafiki. Alipima alama za breki barabara ya Nzega, jua kali, lori likiwa bado linafuka moshi. Siku moja mahakamani wakili wa dereva hakumuuliza lolote kuhusu lori. Aliomba kuiona futi yake, akaivuta, akaichezea mbele ya hakimu, kisha akauliza: na hii nani aliipima? Kesi ikafia hapohapo. Tangu siku hiyo Eustadia alitembea na futi ya chuma kwenye mkoba, yenye nembo ya wakala wa vipimo, na alikuwa haiazimishi kwa mtu.

Akaitoa sasa.

"Dokta, hii karatasi yenu nani aliipima?"

"Karatasi ndiyo inayopima, afande."

"Nimekuelewa. Nani aliipima?"

Akailaza futi juu ya mstari ulioandikwa 30. Akaikaza kwa vidole viwili. Akainama, akanyanyuka, akainama tena.

"Soma wewe."

Apolinaria akasoma, akacheka kidogo kwa pua. "Hiyo futi yako imechoka."

"Mzee mhasibu, ofisini kwako kuna rula ya chuma?"

Rula ikaletwa. Eustadia akatoka nje mwenyewe, akaomba kwenye mabenchi. Binti wa Choma alikuwa na mdogo wake anayesoma, akatoa rula ya plastiki iliyoungua ncha. Zikalazwa zote tatu, moja baada ya nyingine. Zote tatu zilikubaliana. Mstari ulioandikwa thelathini ulikuwa na sentimita ishirini na saba na pointi tisa.

Apolinaria alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa.

"Sasa ufuate rula yenyewe," akasema Eustadia. "Hii ya chuma. Thelathini ya kweli."

Mwanafizikia akaifuata kwa kalamu toka ncha hadi ncha. Kompyuta ikaandika thelathini na mbili na ushee.

"Unakuza," Apolinaria akasema. "Unakuza kila kitu. Uti ukiwa sentimita kumi kutoka katikati, ubao unasema kumi na robo tatu. Tukapeleka mwavuli kwenye kumi na robo tatu. Lakini nilipima, afande. Kila mwezi nilipima!"

"Kwa karatasi hiihii."

"Kwa karatasi hiihii."

"Asubuhi mnauambia ubao, hii ni thelathini. Halafu unaulazia karatasi ileile, unauuliza, hii ni ngapi? Ungekujibu nini?"

Mhasibu alikuwa ameacha kujifuta jasho. Apolinaria alikuwa akiitazama ile karatasi jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyelala kwake mwaka mzima.

"Wale wa Dar waliisifu," akasema. "Walisema hawajaona kituo kinachotunza karatasi zake hivi. Mimi ndiye niliyewakabidhi."

"Ya asili iko wapi?"

"Ilikuja na ubao wenyewe, plastiki angavu. Ilikaa karibu na dirisha, jua la hapa unalijua. Ikajikunja, ikaanza kupasuka. Gerson akasema tuitolee kopi kabla haijafa kabisa, tuilaminishe. Nikamwambia amefikiri vizuri." Akairudisha kalamu mahali pake. "Nilimwambia amefikiri vizuri."

Eustadia akaigeuza karatasi. Ilikuwa safi kweli. Ukingo mweupe uliizunguka pande zote nne, kama picha iliyovutwa ndani kidogo ipate kuenea.

"Tangu karatasi hii ije, wamepita wangapi kwenye ubao huu?"

Apolinaria akageuka. Macho yake yalikuwa kwenye rafu ya ukutani, ambako vipande vya risasi vya wagonjwa waliomaliza tiba vilipangwa vikingoja kuyeyushwa. Vilikuwa vingi kuliko vya wale wanne. Vilikuwa vingi mno.

"Wale wengine bado wanatembea," akasema.

"Watatembea mpaka lini?"

"Sijui. Uti haukwambii. Mtu yuko shambani kwake sasa hivi, analima, anasema nimepona." Akafunika uso. "Niende nikamwambie nini, afande? Nimwambie kaa ungoje?"

Nje, mtu alianza kukohoa kwenye benchi, kikohozi cha koo lililoziba, kikaendelea muda mrefu.

* * *

Gerson hakuwa amegusa chakula. Alikaa sakafuni, magoti kifuani, na alipoona ni Inspekta alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hii unaijua?"

Akaitazama karatasi kupitia nondo. "Hiyo ya kila asubuhi. Ya kuamshia ubao."

"Nani aliitoa kopi?"

"Niliipeleka mimi. Isevya, kwa mzee Kasimiri. Kopi zake hazina madoa, na mashine yake haikati ukingo. Ile misalaba iko pembeni kabisa, ingekatika kwingine kote."

"Ulipoipokea, uliipima?"

Gerson alimtazama kama aliyeulizwa kama alimpima mtoto wake urefu kabla ya kumbusu.

"Kopi, afande? Kopi si kopi?"

"Iko pungufu. Thelathini yake ni ishirini na saba na pointi tisa."

Hakuruka. Hakumshukuru Mungu. Vidole vyake vilianza kutembea hewani, vikifuata mstari asiouona mtu mwingine, na Eustadia akaelewa kwamba alikuwa akichora upya, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo nilichora sawa," akasema.

"Ulichora sawa."

"Nilichora sawa, na waliungua."

"Ndiyo."

"Basi ni mimi."

"Gerson, ni karatasi."

"Karatasi niliibeba mimi. Ndani ya bahasha, isikunjike."

Eustadia alikuwa na swali moja lililobaki, na alilihitaji, kwa sababu mkuu wake angemuuliza kabla hajavua kofia: je, yule mwenye mashine alikusudia?

"Kasimiri alikwambia chochote kuhusu kupunguza?"

"Hapana. Alifanya kwa moyo tu. Hata malipo alikataa. Mke wake alikuwa aanze tiba wiki ile." Gerson akakaa tena sakafuni. "Afande, nikitoka, yule mzee aambiwe nini?"

* * *

Adhuhuri foleni ya Isevya ilikuwa imefika hadi barabarani. Eustadia aliegesha pikipiki, akasimama nyuma ya kijana mwenye vyeti vya shule, akangoja zamu kama raia. Gaudensia alimwona, beseni likamtoka mapajani.

"Afande kapanga foleni! Leo kuna jambo."

"Kuna kopi tu, dada."

Zamu yake ilipofika akaweka rula ya chuma ya mhasibu juu ya kaunta.

"Nitolee kopi ya hii, mzee wangu."

Duka zima likapasuka kwa kicheko. "Polisi wamefulia, wanatoa kopi za rula!" "Wagawane mkoa mzima!" Hata Kasimiri alitabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akailaza rula juu ya kioo, akafunika, mwanga ukapita chini ya kifuniko, karatasi ikatoka. Akampa kwa mikono miwili.

Eustadia akailaza rula juu ya picha yake. Picha iliishia kabla ya rula.

"Imepungua."

"Lazima ipungue," akasema Kasimiri, na hapo akanyooka, kwa maana ameulizwa ufundi wake. "Mashine zote za mjini zinakula pembeni. Mtu analeta cheti cha kuzaliwa, muhuri uko ukingoni, kopi inatoka na nusu muhuri. Anafika ofisini, anarudishwa. Katoka Sikonge huko, katoka Urambo, anarudishwa kwa nusu muhuri! Nikasema hapa kwangu hapana. Pale unapoona, asilimia tisini na tatu. Niliiweka mwenyewe siku mashine ilipoingia, na hakuna mtu anayegusa. Karatasi yote inaingia, muhuri haukatwi. Kuna aliyewahi kurudishwa na kopi ya Kasimiri?"

"Hakuna," foleni ikajibu.

"Cheti cha mwanangu kilikataliwa kule sokoni," akasema Gaudensia. "Hapa kikapita. Mkono wa mzee huyu una baraka."

"Na wenye karatasi huwa unawaambia?"

"Niwaambie nini? Maandishi si yanasomeka? Kati ya mia na tisini na tatu nani ana macho ya kuona?"

Hilo lilikuwa jibu la swali la mkuu. Eustadia angeweza kushukuru, akapanda pikipiki, akaandika ripoti, Gerson akatoka jioni, na Kasimiri akaisikia habari kesho kutoka kwa mteja. Alifikiri hivyo kwa muda wa kukunja ile kopi. Lakini asubuhi mzee huyu alikuwa ameomba kitu kimoja tu.

Akatoa karatasi iliyolaminishwa, akaiweka kaunta.

"Na hii?"

Uso wa Kasimiri ukachangamka. "Ee, ya misalaba minne! Hiyo niliifanya kwa mkono wa ibada kabisa. Ililetwa na huyohuyo mshenzi wenu, kabla sijamjua. Misalaba iko ukingoni, unaona? Mwingine angeikata. Mimi nikaiingiza yote, nikailaminisha, nikamwambia sitaki kitu, hii sadaka ya Dafrosa. Kila mgonjwa atakayepimwa, na mke wangu awe..."

Rula ya chuma ilikuwa imeshalazwa juu ya mstari.

Kasimiri alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa amesoma vyeti vya watu, talaka za watu, barua za viwanja vya watu. Jicho lake halikuhitaji kuelezwa. Likasoma 30 iliyochapwa. Likasoma rula. Likaenda kwenye ile kopi nyingine, bado ina joto, likaenda kwenye kitufe cha mashine, likarudi.

"Hii ndiyo wanayopimia?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo asubuhi."

"Na mgongo wa Dafrosa?"

Eustadia akavua kofia yake. "Kivuli chake kilikatwa kwa hii. Gerson alichora sawa. Kila kitu kilichopimwa kwa karatasi hii kilisogea."

"Kimesogea kiasi gani?"

Akamwonyesha kwenye rula, kwa ukucha.

Kasimiri aliutazama ule ukucha. Wa mbele kwenye foleni waliona, wakanyamaza, wa nyuma hawakuona, mmoja akapiga kelele kutoka barabarani, "Twende basi jamani, jua hili!" Gaudensia akamgeukia akamfanyia ishara ya kukata shingo, na ukimya ukaenda nyuma mtu kwa mtu, mpaka duka lile, ambalo halikuwahi kunyamaza tangu lifunguliwe, likabaki na mvumo wa mashine peke yake.

Pazia likatikisika kidogo. Mkono ulikuwa umeligusa kutoka chini, kutoka godoroni.

"Baba Shukrani. Mbona kimya? Ni yule mama wa polisi?"

"Ndiye," akasema Kasimiri.

"Wamempata?"

Eustadia alifungua kinywa. Kasimiri akainua kiganja, taratibu, kumzuia. Kisha akafunua kifuniko cha mashine, akainama juu ya kioo, mikono yote miwili kwenye kingo zake, akakitazama. Humo ndani uso wake mwenyewe ulimtazama.

"Wamempata, mama Shukrani."

"Ashukuriwe Mungu," ikasema sauti nyuma ya pazia, nyepesi, isiyo na haraka. "Afadhali. Leo utalala."